Ubadilishaji wa Mabomba ya Kipoza Oili na Washa za Kuziba katika Magari Kuukuu: Ufafanuzi wa Kazi na Lugha Yake katika Muktadha wa Mwanza

IKISIRI

Makala hii inafafanua kazi ya kubadilisha mabomba ya kipoza oili pamoja na washa za kuziba katika magari kuukuu yanayotumika jijini Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria. Ufafanuzi umejikita katika swali moja: kwa nini bomba jipya, lililofungwa na fundi mzoefu, huweza kuanza kuvuja tena baada ya siku chache? Makala inaonesha kwamba mahali pa kwanza pa kutafuta jibu si bomba lenyewe bali ni washa inayokaa kwenye kiungo chake, na kiasi cha nguvu kilichotumika kuikaza. Inaonesha pia kwamba neno kaza, ambalo ndilo hubeba maelekezo ya hatua hiyo katika Kiswahili cha gereji, halina kiasi ndani yake. Kwa hiyo, makala inapendekeza njia ya kukitaja kiasi hicho kwa vipimo ambavyo mwanagenzi anavifahamu tayari.

1.0 Utangulizi

Magari mengi yanayotembea katika barabara za Mwanza yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingineko, hasa Japani. Tanzania haijaweka ukomo wa umri wa gari linaloingizwa kama ilivyo Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi. Badala yake, gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Matokeo yake ni kwamba gari lenye umri wa miaka 20 au zaidi si jambo la ajabu barabarani. Pamoja na magari hayo yapo ya zamani zaidi, kama vile Landrova na Land Cruiser zilizofanya kazi katika misheni, halmashauri na mbuga, ambazo bado zinabeba abiria na mizigo.

Katika magari ya umri huo, injini huweza kuwa nzima ilhali vitu vidogo vinavyoizunguka vimechoka. Mabomba ya kipoza oili ni miongoni mwa vitu hivyo. Bomba likipasuka, injini hupoteza oili kwa dakika chache. Kiungo kikivuja taratibu, injini hupoteza oili kwa siku kadhaa bila mwenye gari kutambua.

Ukubwa wa hasara hiyo unaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Kiungo kinachodondosha tone moja kwa kila sekunde hutoa matone 3,600 kwa saa. Ikikadiriwa kwamba matone 20 hufanya mililita 1, hasara hiyo ni mililita 180 kwa saa. Safari ya kutoka Mwanza kwenda Musoma kupitia Magu, Lamadi na Bunda ni zaidi ya kilomita 200. Gari likichukua saa 4, litakuwa limepoteza mililita 720. Katika injini nyingi za magari madogo, tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini kwenye kijiti cha kupimia oili hukaribia lita 1. Gari lililoondoka Mwanza likiwa katikati ya alama hizo litafika Musoma likiwa chini ya alama ya mwisho. Kwa dereva wa gari la abiria au mfanyabiashara wa dagaa, tofauti kati ya kurekebisha kiungo na kununua injini nyingine ni tofauti kati ya kuendelea na biashara na kuifunga.

2.0 Njia ya Oili na Kazi ya Kipoza Oili

Oili ya injini hufanya kazi zaidi ya kulainisha. Hubeba pia joto kutoka sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama vile upande wa chini wa pistoni na beringi za krenki. Oili ikipata joto kupita kiasi huwa nyepesi mno, utando wake kati ya vyuma hupungua, na huchakaa mapema. Kipoza oili kimewekwa ili kuondoa joto hilo.

Mpangilio wake hutofautiana kati ya gari na gari. Mpangilio wa kwanza ni ule ambao kipoza oili kimejengwa ndani ya injini yenyewe, na oili hupozwa na maji. Huu hauna mabomba ya nje. Mpangilio wa pili ni wa kipoza oili cha nje kinachopozwa na upepo. Mfano mzuri ni Landrova Defender yenye injini ya 300Tdi, iliyoanza kutolewa mwaka 1994. Humo kipoza oili kimekaa ubavuni mwa rejeta, na mabomba mawili yanakiunganisha na kichwa cha filta ya oili. Mpangilio wa tatu unahusu giaboksi ya otomatiki, ambayo hupatikana katika Toyota nyingi zilizoingizwa kutoka Japani. Oili ya giaboksi husafiri kwa mabomba mawili hadi kwenye kipozeo kidogo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, kisha hurudi.

Katika mpangilio wa pili kuna jambo linaloathiri ukaguzi. Kwenye kichwa cha filta kuna vali inayofuata joto. Oili ikiwa baridi, vali huirudisha sehemu kubwa ya oili injini bila kuipitisha kwenye kipozeo. Ikipata joto, njia ya kipozeo hufunguka. Hivyo basi, fundi anayefunga mabomba mapya, akawasha injini kwa dakika mbili na kutazama chini ya gari, bado hajayajaribu mabomba hayo katika hali ambayo yatafanya kazi barabarani.

Jambo la pili ni kanieneo ya oili, ambayo gerejini huitwa presha. Injini ikiwa na joto na gari likiwa mwendoni, presha ya oili katika injini nyingi huwa kati ya ba 3 na ba 5. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takriban ba 2.2. Kwa maneno mengine, kiungo cha bomba la oili hubeba presha inayozidi ile ya tairi, huku kikiwa na joto linaloweza kukaribia au kuzidi nyuzi 100 za Selsiasi, na kikitikiswa na injini wakati wote.

3.0 Sababu za Kuchoka kwa Mabomba

Bomba la kipoza oili kwa kawaida huwa na sehemu mbili: bomba gumu la chuma au alumini, na kipande cha mpira kinachoruhusu injini kutikisika bila kulivunja bomba. Kila sehemu huchoka kwa namna yake.

Mpira huchoka kwa joto na umri. Huwa mgumu, hupasuka mipasuko midogo kwenye sehemu iliyopindwa, na hatimaye oili huonekana kama jasho juu yake. Mpira uliofikia hali hiyo hauna dawa. Kukaza klipu zaidi huukata.

Bomba la chuma huchoka kwa kutu. Maji ya Ziwa Viktoria si ya chumvi, kwa hiyo upepo wa ziwa hauli chuma kama upepo wa bahari ufanyavyo Dar es Salaam au Zanzibar. Hata hivyo, chumvi hufika kwenye magari ya Mwanza kwa njia nyingine mbili. Baadhi ya magari yalitumika katika maeneo ya Japani yenye theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi. Magari mengine hubeba kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi, kutoka masoko kama Mwaloni Kirumba, na maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye mzigo huingia kwenye fremu na mabomba yaliyo chini yake. Kutu huanzia mahali ambapo bomba limeshikwa na kishikizo, kwa kuwa hapo uchafu na unyevu hukaa bila kukauka. Kwa sababu hiyo, ukaguzi wa bomba bila kukifungua kishikizo haujakamilika.

Kosa linalojitokeza katika ubadilishaji wa mpira ni kutumia mpira wa aina nyingine. Mpira wa maji ya rejeta hufanana kwa macho na mpira wa oili, lakini malighafi yake hunyonya oili, huvimba na kulainika. Mpira wa oili hutengenezwa kwa malighafi inayostahimili oili na huwa na nyuzi za kuimarisha katikati ya tabaka zake. Pale ambapo bomba halisi halipatikani, mafundi wa mabomba ya haidroli wanaweza kubana mpira mpya kwenye vichwa vya bomba la zamani. Kanda ya Ziwa ina migodi mikubwa, ukiwamo wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na mitambo ya migodini hutegemea mabomba ya aina hiyo. Ufundi huo ni mbadala unaokubalika, mradi mpira uwe wa kipenyo kilekile na wa kiwango cha joto na presha kinachotakiwa.

4.0 Washa ya Kuziba na Namna Inavyofanya Kazi

Viungo vya mabomba ya oili ni vya aina kuu mbili. Katika aina ya kwanza, ncha ya bomba ina nati inayofungwa kwenye kichwa cha filta au kipozeo, na kuziba hufanywa na ringi ya mpira. Katika aina ya pili, ncha ya bomba ina jicho, yaani pete pana yenye uwazi. Bolti yenye tundu katikati hupita ndani ya jicho hilo, na oili hupita ndani ya bolti. Washa moja hukaa juu ya jicho na nyingine chini yake. Aina hii hupatikana pia kwenye mabomba ya oili ya tabo na ya breki. Bolti ya kumwagia oili iliyo chini ya sampu huzibwa kwa kanuni hiyohiyo, ila kwa washa moja.

Washa ya kuziba isichanganywe na washa ya kawaida. Washa ya kawaida husambaza mkazo wa nati ili isiumize kitu kinachofungwa. Washa ya kuziba hufanya kazi kwa kujitoa mhanga: ni laini kuliko vyuma viwili vinavyoibana, hivyo hujaza mikwaruzo midogo iliyo kwenye nyuso zake kwa kubadilika umbo. Kwa hiyo, sifa yake kuu ni ulaini. Washa iliyobanwa mara moja huwa imepata alama za nyuso zile, na shaba yake huwa ngumu. Ikirudishwa ilivyo, huwa haina tena ulaini wa kujaza mikwaruzo mipya, na oili hupata njia.

Hapo ndipo mafundi wengi hutumia maarifa ya moto. Shaba nyekundu iliyokuwa ngumu hurudishiwa ulaini wake kwa kuchomwa hadi iwe nyekundu kwa mbali, kisha kuachwa ipoe au kutumbukizwa majini. Maarifa haya ni sahihi. Shaba si kama chuma cha pua, ambacho huwa kigumu kikipozwa ghafla. Baada ya kuchomwa, washa husuguliwa kwa msasa mwembamba juu ya kioo au bati bapa ili kuondoa utando mweusi na alama za zamani. Washa iliyokwisha kuwa nyembamba, yenye ufa au iliyopinda itupwe.

Kuna mpaka mmoja ambao ni lazima ufahamike. Njia hiyo ni ya shaba, na haifai kwa washa ya alumini. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na rangi nyekundu huonekana mapema sana kabla ya hapo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na haioneshi rangi inayomtahadharisha fundi: washa huonekana ilivyo, kisha hulegea ghafla na kuharibika. Washa ya alumini, pamoja na ile yenye mpira uliogandishwa kwenye ukingo wake, hubadilishwa kwa mpya kila kiungo kinapofunguliwa. Bei ya washa ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya oili itakayomwagika.

Vibadala vingine havifai. Silikoni ikipakwa kwenye kiungo cha jicho huweza kumeguka kwa ndani na kusafiri na oili hadi kuziba tundu dogo la kulainisha. Utepe wa mabomba ya maji huweza kufanya vivyo hivyo. Kibadala cha namna hii huficha uvujaji unaoonekana na kuleta kizuizi kisichoonekana.

5.0 Hatua za Kubadilisha

Kazi huanza kwa kusafisha. Eneo lote la viungo huoshwa na kukaushwa kabla ya kufunguliwa, kwa sababu mbili: mchanga usiingie kwenye njia ya oili, na uvujaji mpya uweze kutambulika baadaye. Gari linyanyuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara. Fundi asilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Injini iwe vuguvugu, isiwe ya moto, ili oili itoke vizuri bila kuunguza.

Oili humwagwa kwenye chombo safi, kisha viungo hufunguliwa kwa spana mbili. Spana ya kwanza hushikilia kichwa cha kipozeo na ya pili hulegeza nati. Hatua hii ikirukwa, nguvu yote huenda kwenye mdomo wa kipozeo, ambao mara nyingi ni wa alumini, nao hupinda au kung'oka. Bomba la elfu kadhaa huweza kwa njia hii kuharibu kipozeo cha bei kubwa zaidi. Kiungo chenye kutu hupakwa mafuta ya kulegeza na kuachwa usiku kucha. Kikigoma, ni afadhali kulikata bomba ambalo hata hivyo linatupwa kuliko kulazimisha nyuzi za kipozeo.

Baada ya kufungua, washa zote za zamani huhesabiwa. Washa ya shaba huweza kubaki imenata kwenye uso wa kiungo na kuonekana kama sehemu yake. Fundi akiweka mpya juu yake, kiungo hakitaziba. Nyuso husafishwa kwa kitambaa na, ikibidi, kwa msasa mwembamba unaozungushwa kufuata duara. Mkwaruzo unaokatiza uso kutoka ndani kwenda nje ni njia ya oili, na hakuna washa itakayouziba.

Bomba jipya hupulizwa upepo, hupitishwa katika njia yake ya awali, na viungo vyote huanzishwa kwa vidole kabla ya kimoja kukazwa. Uzi wa bolti uingie kwa mkono angalau mizunguko kadhaa. Ukigoma, umeingia upande, na spana haitaurekebisha bali itaua nyuzi. Vishikizo hurudishwa vyote, kwa sababu bomba linaloning'inia hutikisika hadi kuvunjika kwenye kiungo. Baada ya hapo ndipo viungo hukazwa kwa kipimo kinachojadiliwa katika sehemu ya 6.0.

Mwisho ni majaribio. Oili hujazwa hadi alama ya juu, injini huwashwa, na taa ya oili kwenye dashibodi itazamwe: izime ndani ya sekunde chache, la sivyo injini izimwe mara moja. Baada ya dakika chache injini huzimwa na oili hupimwa tena, kwa kuwa mabomba na kipozeo vimechukua sehemu yake. Kisha gari huendeshwa hadi lipate joto kamili, ili vali ifunguke, na viungo hukaguliwa kwa kitambaa cheupe au karatasi. Ukaguzi wa tatu hufanywa asubuhi inayofuata, kwa kutandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari. Tone moja juu ya boksi husema mengi kuliko jicho la fundi aliyechoka jioni.

6.0 Neno Kaza na Suala la Kiasi

Hatua zote zilizotangulia zinaelezeka kwa Kiswahili bila taabu. Msamiati wa gereji unatosha: spana, nati, bolti, filta, sampu, rejeta, jiliwa, msasa. Hata neno washa, ambalo kimaandishi linafanana na kitenzi washa, halileti utata, kwa kuwa muktadha hutofautisha "funga washa" na "washa injini". Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1967, lina jukumu la kusanifisha istilahi, lakini mengi ya maneno haya yalizoeleka kwa matumizi ya mafundi wenyewe. Pengo linaonekana katika kitenzi kimoja, nacho ni kaza.

Mteja humwambia fundi, "Fundi, kaza vizuri isije ikavuja." Fundi humwambia mwanagenzi, "Kaza hiyo." Katika matumizi mapana ya Kiswahili, kukaza ni jambo linalosifiwa kadiri linavyozidi. Anayekaza mwendo hufika mapema, anayekaza moyo hushinda majaribu, na anayeambiwa kaza buti hatarajiwi kuuliza ni kwa kiasi gani. Kinyume cha kukaza ni kulegeza, na mlegevu halaumiwi kwa jambo jema. Kwa hiyo, neno lenyewe humwelekeza msikilizaji upande mmoja tu, yaani nguvu zaidi.

Washa ya kuziba haikubaliani na mwelekeo huo. Ikikazwa pungufu, haijazi mikwaruzo. Ikikazwa kupita kiasi, husambaa na kuwa nyembamba, bolti hurefuka, na nyuzi za alumini hufa. Bolti yenye tundu iko hatarini zaidi, kwa sababu katikati yake ni tupu na kuta zake ni nyembamba kuliko bolti nzima ya ukubwa huohuo. Jambo linalopotosha ni kwamba matokeo ya makosa yote mawili ni yaleyale: kiungo huvuja. Fundi anapoona tone, neno kaza humwambia aongeze nguvu, hata pale ambapo nguvu iliyozidi ndiyo iliyoleta tone hilo.

Suluhisho la kiufundi ni spana ya kupimia mkazo, na vitabu vya watengenezaji hutoa kipimo cha kila kiungo kwa nyutoni-mita. Kwa mfano, bolti ya kumwagia oili yenye uzi wa milimita 12 katika injini nyingi za Toyota hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 40. Hata hivyo, si kila gereji ina spana hiyo, na namba peke yake haiufundishi mkono. Namba hiyo inaweza kutafsiriwa kwa kitu kinachojulikana kila nyumba. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20, sawa na nguvu ya takriban nyutoni 196. Ikitundikwa kwenye spana iliyolala sawasawa, sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, hutoa mkazo wa nyutoni-mita 39. Ndoo iliyojaa nusu hutoa nusu ya mkazo huo.

Zoezi hili halifanywi chini ya gari. Bolti ya mazoezi hufungwa kwenye kipande cha chuma kilichobanwa kwa jiliwa, na ndoo hutundikwa. Mwanagenzi huiona spana ikishuka na kusimama, kisha huiondoa ndoo na kujaribu kuurudia uzito uleule kwa mkono wake. Akirudia mara kadhaa, hupata kumbukumbu ya mkono. Kuanzia hapo fundi anaweza kumwambia, "Kaza ndoo nzima," au "Kaza nusu ndoo," na agizo likawa na kiasi. Njia hii haichukui nafasi ya spana ya kupimia, wala ya kitabu cha mtengenezaji. Faida yake ni kulipa neno kaza kile lilichokosa, yaani kikomo.

7.0 Oili Chafu na Ziwa

Kazi hii huacha lita kadhaa za oili chafu. Mwanza ni jiji la vilima na miamba, na maji ya mvua hayakawii kufika ziwani. Mto Mirongo hupita katikati ya jiji na kumwaga maji yake ziwani, katika ziwa lilelile ambalo jiji huchota maji ya kunywa, ikiwamo kwenye chanzo cha Capri Point. Oili iliyomwagwa mtaroni Mabatini haiishii mtaroni.

Ziwa Viktoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na ukubwa huo huweza kumfanya mtu aone chupa moja ya oili si kitu. Lakini oili haizami wala kuchanganyika na maji. Hutanda juu yake na kukusanyika ufukoni, mahali ambapo samaki wadogo hukulia na wavuvi huegesha mitumbwi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa namna hiyo. Kwa upande wa gereji, utekelezaji wake ni mwepesi: oili ikingwe, itiwe kwenye dumu lenye kifuniko, isichanganywe na maji au mafuta ya breki, na ikabidhiwe kwa wakusanyaji wanaotambuliwa. Vitambaa na boksi zilizolowa oili zisitupwe mtaroni.

Uhusiano wa sehemu hii na washa ni wa moja kwa moja. Kiungo kinachodondosha tone kwa sekunde humwaga oili barabarani muda wote injini inapofanya kazi, bila dumu wala kinga. Washa iliyozibwa vizuri ni hatua ya kwanza ya kulilinda ziwa, na haimgharimu mwenye gari zaidi ya alichokwisha kulipa.

8.0 Hitimisho

Makala hii imefafanua kwamba ubadilishaji wa mabomba ya kipoza oili hukamilika pale kiungo kinapothibitika kuziba kikiwa na joto na presha, wala si pale bomba jipya linapofungwa. Uthibitisho huo hutegemea mambo manne: mpira wa aina sahihi, nyuso safi, washa laini, na mkazo wa kiasi. Mambo matatu ya kwanza huonekana kwa macho na hufundishika kwa kutazama. La nne halionekani. Mwanagenzi anayemtazama fundi akikaza haoni nguvu inayotumika, na neno analolisikia halimwambii.

Hivyo basi, ufundishaji wa ufundi wa magari kwa Kiswahili, iwe katika vyuo au chini ya mwembe, unahitaji kuandamanisha kitenzi kaza na kipimo chake kila kinapotajwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kiungo cha oili, kuziba ufa ni kazi ya washa moja na ndoo moja ya maji, na ukuta unaoepukwa ni injini nzima.